Goti likikataa, heshima haikatai

Wiki hii, ndugu msomaji, mazungumzo yetu yanahusu goti. Nilipopita Itigi mkoani Singida, mji wa Reli ya Kati ambako Wamisionari wa Damu Azizi wana hospitali yao ya Mtakatifu Gaspar, mzee mmoja mwenye mkongojo aliniuliza swali nje ya kanisa. "Mwanangu, magoti yangu yamegoma. Wenzangu wakipiga magoti kwenye Misa, mimi nabaki nimesimama kama mlingoti. Je, Mungu ananihesabu mkaidi?"

Kabla ya hapo nilikuwa nimemwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba. Wataalamu wa lugha hutueleza kwamba salamu hiyo imetokana na maneno "nashika miguu yako". Mimi sikuinama kuishika miguu yake, wala yeye hakuona kwamba nimemvunjia heshima. Tendo limepotea, heshima imebaki. Historia ya ishara za ibada imepita njia hiyo hiyo.

Wengi wetu tunadhani Wakristo wamekuwa wakipiga magoti kila Jumapili tangu enzi za Mitume. Sivyo. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea uliagiza kwamba siku za Jumapili na katika kipindi cha Pasaka watu wasali wakiwa wamesimama. Goti lilikuwa ishara ya toba na majonzi, na Jumapili ni siku ya Ufufuko. Kwa hiyo aliyesimama ndiye aliyekuwa akitii.

Mambo yalibadilika Ulaya katika Zama za Kati. Huko, mtu aliyejiweka chini ya ulinzi wa bwana mkubwa alipiga magoti, akaunganisha viganja vyake na kuviweka ndani ya mikono ya bwana huyo. Hadi leo padre anayepewa daraja hutia mikono yake ndani ya mikono ya askofu na kuahidi utii. Mabwana wale wamekwisha, ishara yao bado tunayo. Aidha, miaka ya 1200 ilipoanza, mapadre wa Paris walianza kuinua hostia juu baada ya mageuzo ili waumini waione, na watu wakazoea kupiga magoti wakati huo. Misale ya Papa Pius wa Tano, ya mwaka 1570, ikaweka katika kanuni goti la padre mbele ya Ekaristi.

Pengine msomaji atauliza: na wale wanaoinama mbele ya sanamu na picha? Swali hili limewagombanisha majirani wengi hapa nchini. Lakini si geni. Mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nikea ulitenganisha mambo mawili: kuabudu, ambako ni kwa Mungu peke yake, na heshima, ambayo picha hupewa kwa ajili ya yule aliyechorwa. Tamko hilo la Kigiriki lilipofika Ulaya Magharibi kwa Kilatini, tafsiri ilikuwa mbovu, ikachanganya maneno hayo mawili. Mwaka 794 maaskofu waliokutana Frankfurt wakaja juu, wakidhani wenzao wameagiza picha ziabudiwe. Ugomvi mkubwa, na sehemu yake ilitokana na tafsiri! Mgongo huinama kwa namna ile ile mbele ya Mungu, mbele ya mkwe na mbele ya mkuu wa wilaya. Kinachotenganisha ni nia ya moyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao Kardinali wetu Laurean Rugambwa alihudhuria, ulifungua mlango mwaka 1963 ili mila njema za mataifa ziingie katika liturujia. Huko Japani, ambako kuinama ndiyo heshima kuu, waumini huinama sana mahali ambapo sisi tungepiga goti. Na mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misa ya majimbo ya Zaire, yaani Kongo ya leo, ambamo wakati wa toba watu huinamisha vichwa na kukunja mikono kifuani.

Sasa nirudi kwenye swali nililoulizwa. Maelekezo ya Misale ya Roma yanasema wazi kwamba mwenye sababu ya afya, au aliyekosa nafasi, anaweza kutopiga magoti wakati wa mageuzo. Analotakiwa ni kuinama sana pale padre anapopiga goti. Basi mgonjwa na mzee wasione aibu. Kuinama kwao si heshima pungufu, bali ni heshima iliyoandikwa katika kanuni.

Wasiwasi wangu uko kwetu sisi wenye magoti mazima. Tunaingia kanisani mbio mbio, tunachezesha goti nusu bila kugusa chini, kama mtu aliyejikwaa, na huku macho yanatafuta nafasi kwenye benchi. Halafu kesho yake, ofisini kwa mkubwa, migongo inalainika ajabu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila mmoja na ajiulize, anapoinama, ni kitu gani hasa anachokitafuta huko mvunguni.