Mwacha asili ni mtumwa? Funzo kutoka kwa mavazi ya Wamarathi

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kongamano la lugha mjini Pune, magharibi mwa India. Jioni moja mwenyeji wangu, mhadhiri wa isimu, alinipitisha sokoni. Hapo nikamwona mama wa makamo akiuza mboga. Alikuwa amevaa sari ya kijani, lakini si kwa namna niliyozoea kuiona Biashara Street, Nairobi. Upindo wa sari ile ulikuwa umepitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma kiunoni, miguu ikawa huru kama ya mtu aliyevaa suruali.

"Amepiga uwinda!" nikajisemea kwa Kiswahili.

Huenda vijana wengi hawalijui neno hili, ingawa limo kamusini. Uwinda ni nguo inayopitishwa baina ya miguu na kuchomekwa nyuma. Wazee wetu wa pwani walipiga uwinda walipokuwa na kazi ya kutoa jasho. Wamarathi nao huuita mtindo huo "kashta", na wanawake wao wameushika kwa karne nyingi.

Hebu tuanze na watu wenyewe. Wamarathi ni wenyeji wa jimbo la Maharashtra, lililoundwa tarehe 1 Mei 1960 kwa msingi wa lugha. Miji yake mikubwa ni Mumbai, Pune na Nagpur. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu wapatao milioni 83 ambao Kimarathi ndiyo lugha yao ya kwanza.

Vazi la jadi la mwanamke wa Kimarathi huitwa "lugade", au "nauvari". Jina hili la pili linajieleza. "Nau" ni tisa na "vari" inatokana na kipimo cha yadi. Ni nguo ya yadi tisa basi, zaidi ya mita nane. Sari iliyoenea kote India ni ya yadi sita au karibu na hapo. Zile yadi za ziada ndizo zinazouwezesha uwinda. Tena nauvari haihitaji gaguro ndani. Mkunjo wake wenyewe unatosha kumsitiri mvaaji. Juu huvaliwa choli, blauzi fupi inayobana, ambayo zamani ilifungwa kwa fundo kifuani.

Na hapo ndipo mwanaisimu niliyemo akaamka. Mwanamume wa Kimarathi huvaa "dhotar", ambayo kwingineko India huitwa "dhoti". Je, neno hili si geni kwako, au sivyo? Ukienda dukani kununua kanga huulizi kipande, huuliza doti. Neno ni lile lile. Katika misafara ya biashara ya karne ya 19, doti ilikuwa kipimo cha nguo cha yadi nne, na shuka ilikuwa yadi mbili. Kwa hesabu hiyo, mama yule wa sokoni alikuwa amejifunga doti mbili na yadi moja ya ziada!

Si doti pekee. Bangili tuliichukua kutoka lugha za India, na Mmarathi huiita "bangdi". Champali za ngozi ni ndugu wa "chappal", na zile za mji wa Kolhapur ndizo zenye sifa kuliko zote. Bahari haikuleta bidhaa tu, ilileta na majina yake.

Tena ujirani huu ni wa kale. Kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi, kinautaja upwa wetu kwa jina la Azania. Kitabu hicho hicho kinautaja mji wa Paithan, kando ya mto Godavari, ndani ya Maharashtra ya leo. Paithan ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Satavahana, nao ndio uliolipa jina vazi la fahari la Wamarathi: Paithani.

Paithani ni sari ya hariri yenye pindo za zari, yaani nyuzi za dhahabu au fedha. Mapambo yake hayadariziwi juu ya nguo iliyokwisha kufumwa. Mfumaji huyafuma humo humo, akiunganisha nyuzi za rangi moja moja kwa mkono, hivi kwamba pindo huonekana sawa mbele na nyuma. Kwenye upindo ule unaoangukia begani hukaa tausi, kasuku na maua ya yungiyungi. Sari moja yaweza kumchukua fundi miezi kadhaa. Siku hizi nyingi hufumwa Yeola, mji mdogo katika wilaya ya Nashik. Bibi harusi akivaa Paithani, akatia bangili za kijani mikononi na "nath" ya lulu puani, husemwi zaidi. Kila aliyepo amejua kuna nini.

Nilivutiwa na hayo yote. Nikamwambia mwenyeji wangu, kwa ule ufasaha wetu wa kikongamano, kwamba ni hasara kubwa wanafunzi wake wa kike kuvaa suruali za jinzi na sari za yadi sita. Nikamtafsiria methali yetu: mwacha asili ni mtumwa.

Alitabasamu, kisha akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "Profesa, asili ya nani?"

Akanieleza kuwa nyanya yake alikuwa wa tabaka la Mahar, mojawapo ya yale yaliyoitwa "wasioguswa". Alipokuwa msichana, nyanya huyo naye alivaa lugade na kupiga kashta. Lakini nguo yake ilipaswa kuishia karibu na magoti. Wanawake wa tabaka la juu waliishusha yao hadi vifundoni. Nguo ni hiyo hiyo na uwinda ni huo huo, ila urefu wake ulikuwa kitambulisho. Mtu alikutazama miguu akajua kama aweza kupokea maji mkononi mwako.

Nilirudi hotelini nikiwa nimefedheheka. Niliporejea Nairobi, nikaanza kusoma.

Mwaka 1936, B. R. Ambedkar, msomi wa Kimahar aliyepata shahada za uzamifu Marekani na Uingereza, alichapisha hotuba iliyokuwa imezuiwa kutolewa. Humo aliandika kwamba katika nchi ya Wamarathi, chini ya watawala walioitwa Peshwa, asiyeguswa alilazimika kuvaa uzi mweusi shingoni au mkononi ili asiguswe kwa bahati mbaya. Mjini Pune, aliandika, mtu huyo alifungwa ufagio kiunoni ufute nyayo zake, na chungu shingoni cha kutemea mate. Haya nayo yalikuwa mavazi. Nayo yaliitwa desturi.

Miaka tisa kabla ya hapo, mnamo Desemba 1927, Ambedkar alikuwa amekutana na umma mkubwa katika mji wa Mahad. Kisa cha kukutana kilikuwa haki ya kuteka maji katika bwawa la mji. Mkutano huo unakumbukwa zaidi kwa tukio la tarehe 25, pale walipokichoma moto kitabu cha kale cha sheria za matabaka, Manusmriti. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu hulipita haraka. Ambedkar alizungumza na kina mama kuhusu nguo zao. Aliwahimiza waache namna ya kuvaa sari na mapambo mazito yaliyowatambulisha kuwa wasioguswa, na wavae kama wanawake wa tabaka la juu wavaavyo. Nguo ikiwa kuukuu si neno, muradi iwe safi. Inasimuliwa kwamba hawakungoja. Walizishusha sari zao hadi vifundoni papo hapo.

Mpenzi msomaji, hebu fikiria ujasiri huo. Mwanamke anashusha nguo yake shubiri mbili tatu, kisha anarudi kijijini ambako kila jirani ataliona tendo hilo kuwa uasi.

Ukishaijua habari hii, historia yote ya mavazi ya Wamarathi unaisoma upya. Chukua Savitribai Phule, ambaye pamoja na mumewe Jyotirao alifungua shule ya wasichana mjini Pune mwaka 1848. Wapinzani walimrushia matope na samadi njiani. Inasimuliwa kwamba alibeba sari ya pili mfukoni mwake kila asubuhi. Akifika, hubadilisha, kisha huanza somo. Kwake sari haikuwa pambo, ilikuwa zana ya kazi kama chaki.

Au mchukue Jyotirao mwenyewe. Mwaka 1888 alialikwa kwenye karamu ya kumheshimu mwanawe Malkia Victoria, Mtawala wa Connaught. Wageni wengine waling'ara kwa vito na hariri. Phule akaja kwa nguo chakavu za mkulima, akamweleza mgeni kuwa waliovaa vito humo ukumbini hawaiwakilishi India, na kwamba nchi yenyewe iko vijijini.

Wajane nao walikuwa na vazi lao. Katika familia za Kibrahmani mjane alinyolewa nywele, akavunjiwa bangili, akavishwa kitambaa cha rangi ya wekundu wa kutu, bila choli wala pambo. Baadhi yao walikuwa hawajatimiza hata miaka 15. Mwaka 1890 vinyozi wa Bombay walikutana na kukataa kuendelea kuwanyoa wajane. Miaka mitatu baadaye Dhondo Keshav Karve, mwalimu wa hisabati, alimwoa mjane, akatengwa na watu wa kijijini kwao. Hakurudi nyuma. Mwaka 1916 alianzisha chuo kikuu cha wanawake.

Tusidhani mambo haya yamezikwa. Kilemba cha Pune kiitwacho "pagdi", ambacho hukunjwa na kushonwa tayari, kilivaliwa na wasomi na viongozi kama vile Bal Gangadhar Tilak. Wengi hukiona kuwa fahari ya mji. Wengine hukiona kuwa kilemba cha Mabrahmani. Mwaka 2018 mwanasiasa mkongwe Sharad Pawar aliwaambia wafuasi wake mkutanoni kwamba watumie kilemba cha mtindo wa Phule badala yake. Mwaka uliofuata, katika mahafali ya chuo kikuu kinachoitwa kwa jina la Savitribai, baadhi ya wanafunzi walilalamika kwamba wanavishwa pagdi ya Pune ilhali Phule wenyewe wamesahaulika. Walihisi, kwa lugha yetu, kwamba Savitribai kavishwa kilemba cha ukoka.

Hata champali zina kesi yake. Kwa vizazi vingi mafundi wa ngozi wa Kolhapur walidharauliwa kwa sababu ya kazi yao. Mwaka 2025 kampuni ya Prada ilionyesha mjini Milan viatu vilivyofanana mno na vyao bila kuwataja, ikakiri asili yake baada ya malalamiko. Kwa hiyo kiatu kilitukuzwa kabla ya aliyekishona.

Sasa nirudi kwenye methali yangu. Kwa miaka mingi nimewasomea wanafunzi wangu "mwacha asili ni mtumwa" kana kwamba ni kanuni ya hisabati. Kina mama wa Mahad wamenisahihisha. Wao waliiacha ile iliyoitwa asili kwa sababu ndiyo iliyowafanya watumwa. Ambedkar naye hakumbukwi kwa dhoti. Sanamu zake zilizotapakaa India nzima humwonyesha amevaa suti na tai, kitabu mkononi. Aliye na macho ya juu juu atasema huyo ni kasumba ya Wazungu. Lakini kwa watu wake, suti ile ilitangaza kuwa hakuna tena atakayewachagulia nguo.

Je, ina maana mavazi ya jadi yatupwe? La hasha! Siku ya Gudi Padwa, mwaka mpya wa Wamarathi, wanawake wa Mumbai hutoka barabarani na nauvari zao, vilemba kichwani, miwani ya jua usoni, wakiendesha pikipiki. Uwinda ule uliowafaa bibi zao mashambani unawafaa wao juu ya injini. Wengine hununua nauvari iliyokwisha kushonwa, unaivaa kama suruali, dakika tano umemaliza. Wazee hunung'unika. Mimi sinung'uniki tena.

Mwenyeji wangu aliniandikia baadaye kunijulisha kuwa binti yake ameolewa. Akaambatanisha picha. Bibi harusi alikuwa na Paithani ya zambarau ya yadi tisa, amepiga kashta, upindo wake umeshuka hadi kifundoni. Chini ya picha mama mtu ameandika maneno machache: "Safari hii amechagua mwenyewe."

Basi tunapoambiwa tulinde mavazi ya jadi, tusiishie kuuliza yalivaliwaje. Tuulize pia nani alichagua, na nani alichaguliwa.