Tume za Ardhioevu za Massachusetts

Katika sura ya 40 ya sheria za jimbo la Massachusetts, Marekani, kuna vifungu viwili vinavyokaribiana. Kifungu cha 8A kinauruhusu mji kuunda tume ya kuvutia viwanda. Kifungu cha 8C kinauruhusu kuunda tume ya uhifadhi. Hiki cha pili kilipitishwa mwaka 1957, enzi ambayo nyumba na barabara mpya zilikuwa zikienea kila upande na kinamasi kilionekana kuwa ardhi iliyolala bure, ikisubiri kifusi. Chimbuko lake ni Ipswich, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Boston. Wakazi wake walitaka kunusuru kinamasi chao, wakagundua kwamba mji haukuwa na chombo chenye mamlaka hayo.

Tume ilikuwa na wajumbe watatu hadi saba, wananchi wa kawaida walioteuliwa kwa miaka mitatu, bila mshahara. Kazi ya mwanzo haikuwa na makali: kuorodhesha mabonde na vijito, kushauri, na kununua ardhi kwa idhini ya mji. Kuanzia mwaka 1960 jimbo lilichangia gharama za ununuzi, na hapo ndipo miji mingi ilipoamka. Fedha huamsha hata waliolala fofofo. Mwaka 1961 tume hizo ziliunda chama chao cha jimbo zima, ili wajumbe wafundishane. Mwaka huohuo Connecticut ikatunga sheria ya aina hiyo, na New Hampshire ikafuata mwaka 1963.

Sheria za kudhibiti ujazaji wa vinamasi zilianza pwani mwaka 1963, zikaingia bara mwaka 1965, lakini uamuzi ulibaki kwa maofisa wa jimbo. Mwaka 1972 ndipo mambo yalipogeuka. Sheria ya Kulinda Ardhioevu iliziunganisha zile mbili na kuukabidhi uamuzi wa kwanza kwa tume za miji. Mwalimu, fundi bomba au mstaafu, aliyezoea kuongoza matembezi ya msituni siku za Jumapili, sasa alikuwa na uwezo wa kumwekea jirani yake masharti ya ujenzi, au kumkatalia kabisa.

Kwa maoni yangu, historia ya kweli ya tume hizi inaanzia hapo. Mwombaji alikuja na mhandisi na mwanasheria. Mjumbe alikuja na mapenzi yake kwa vyura. Mapenzi hayasimami mbele ya rufaa. Sheria haikumruhusu kukataa mradi kwa sababu eneo linapendeza. Ilimtaka aoneshe maslahi yaliyotajwa: maji ya kunywa, maji ya chini ya ardhi, kuzuia mafuriko, uharibifu wa dhoruba na uchafuzi, samaki na chaza. Makazi ya wanyamapori yaliongezwa baadaye, miaka ya 1980.

Kwa hiyo mafunzo yakawa uti wa mgongo wa kazi yenyewe. Chama kikatoa kitabu cha mwongozo, kikaendesha kozi na kuandaa mkutano wa mwaka. Mjumbe alifundishwa kusoma ramani ya mhandisi na kutambua mimea ipendayo maji, kwa kuwa mpaka wa kinamasi hufuata mimea hiyo. Kama mimea imefyekwa, udongo utasema: huchimbuliwa kwa kekee ndefu, kisha rangi yake hulinganishwa na kitabu cha rangi cha Munsell. Kijivu chenye mabaka ya kutu ni ushahidi kwamba maji hutuama hapo, hata kama siku ya ukaguzi pamekauka kau.

Thamani ya maarifa hayo ilionekana pia katika mto Charles. Baada ya mafuriko ya mwaka 1955 na 1968, wahandisi wa jeshi walikokotoa wakaona kwamba vinamasi vya sehemu za juu hufyonza mafuriko kama sifongo. Badala ya kutegemea mabwawa mapya, serikali ikanunua ardhi au haki za kuizuia isijengwe, zaidi ya ekari 8,000.

Miji mingine iliona sheria ya jimbo haitoshi, ikatunga sheria ndogo kali zaidi. Mwaka 1979, katika kesi ya mji wa Dennis, Mahakama Kuu ya Massachusetts ilikubali kwamba mji una haki hiyo. Tume zikashangilia. Lakini mwaka 2007 mahakama hiyohiyo iliishughulikia tume ya Harwich, iliyochelewa kutoa uamuzi ndani ya siku 21 tangu kufunga kikao cha kusikiliza maombi. Hoja zake za kimazingira hazikuiokoa: uamuzi wa mamlaka ya jimbo ndio uliosimama. Tangu hapo, mjumbe mpya hana budi kujifunza kuhesabu siku kama anavyojifunza kusoma udongo.