Majivu Yalikuwa ya Nani?

Mwaka ule dada yangu alipopata mimba akiwa kidato cha tatu, wazee wa kigango chetu walimwamuru akae benchi la nyuma kabisa, na komunyo akakatazwa. Mvulana hakuulizwa kitu. Ikafika Jumatano ya Majivu. Dada akaingia kwenye foleni kama watu wengine, tumbo mbele. Moyo ulinidunda, nikajua sasa anafukuzwa mbele ya kadamnasi. Kumbe wapi! Padre akachovya kidole, akampaka. Nyuma yake alisimama mzee mmoja wa wale waliotoa amri. Naye akapakwa, kutoka kisahani kile kile.

Swali likanibaki: kwa nini komunyo alinyimwa, majivu akapewa? Nilipomaliza shule nikakaa nyumbani bila kazi, nikawa naazima vitabu vya historia ya Kanisa. Ndugu msomaji, nilichokikuta humo ndicho ninachokuletea.

Tuanze na jina. Neno Kwaresima mzizi wake ni Kilatini, quadragesima, yaani "ya arobaini". Siku hizo zinakumbusha Musa mlimani, Eliya akienda Horebu, na Yesu jangwani. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikitaja kipindi hicho kama kitu ambacho watu wanakijua tayari. Lakini hesabu ilikuwa haijatulia. Huko Roma, wakati wa Papa Gregori Mkuu (590–604), mfungo ulianza Jumapili na kuchukua majuma sita. Jumapili hazifungwi; ukizitoa, zinabaki siku 36. Gregori akaziita fungu la kumi la mwaka. Baadaye ziliongezwa siku nne ili zitimie 40, na ndiyo maana leo tunaanza Jumatano.

Sasa majivu. Haya hayakuwa ya kila mtu hata kidogo. Yalikuwa ya wakosaji wakubwa waliojulikana na watu: muuaji, mzinzi, aliyeikana imani. Regino, abate wa Prüm huko Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 906 hivi ameeleza ilivyokuwa. Mwanzoni mwa Kwaresima wakosaji walifika mlangoni mwa kanisa miguu mitupu, wamevaa gunia, macho chini. Askofu aliwaingiza ndani, wakaombewa, wakatiwa majivu kichwani. Kisha wakaambiwa kwamba kama Adamu alivyotolewa bustanini, na wao wanatolewa. Wakasukumwa nje. Kurudi kwao ilikuwa mpaka Alhamisi Kuu.

Hebu fikiri, jamani. Jirani zako wote wamo ndani, wewe uko nje na gunia lako.

Lakini mambo yakaanza kugeuka. Karibu na mwaka 1000, huko Uingereza, mtawa mmoja jina lake Ælfric aliwahubiria waumini wote wapokee majivu, siyo wale wa gunia tu. Akawatolea kisa. Mtu mmoja mpumbavu alikataa majivu, eti yeye atastarehe na mkewe. Juma lile lile, akiwa safarini juu ya farasi, mbwa wakamvamia. Akajikinga kwa mkuki, farasi akaenda mbele, mkuki ukamchoma mwenyewe, akafa. Ælfric anasema alifukiwa kwa mizigo mingi ya udongo kwa sababu alikataa majivu kidogo. Mimi ninayeota kuandika riwaya nakiri kwamba kisa hicho nakionea wivu.

Mwaka 1091 sinodi ya Benevento, Italia, chini ya Papa Urbano wa Pili, ikaagiza kwamba mapadre na walei, wanaume kwa wanawake, wote wapokee majivu siku hiyo.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Kanisa lingeweza kuyafuta majivu kichwani mwa wakosaji ili wafanane na wale waliojiona safi. Badala yake, waliojiona safi ndio waliofananishwa na wakosaji. Alama ya aliyefukuzwa ikawa ya parokia nzima. Mpaka leo aliyezuiliwa komunyo hazuiliwi majivu, na hata asiyebatizwa anaweza kuyapokea. Tena yanatokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, yale tuliyoyapunga kwa vigelegele.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi majivu yamekuwa rahisi mno: unapakwa asubuhi, jioni unanawa, basi. Ni kweli. Yule wa gunia aliilipia toba yake kwa majuma mengi. Lakini urahisi huo ni wetu sisi wapakwaji, majivu hayana kosa. Ukiyapokea halafu ukarudi kumnyooshea mwenzako kidole, umekubali kwa paji la uso na kukana kwa mkono.

Na mimi ninalo langu. Siku zile nilikaa mbele pamoja na vijana wenzangu, nikajifanya yule wa benchi la nyuma simjui. Dada hajawahi kunilaumu. Mwanawe sasa ananiita mjomba, ananiletea madaftari yake nimsaidie hesabu. Kwaresima ijayo, kabla sijashika foleni, nitakwenda kwanza kumwomba dada msamaha.