Kina na Mizani: Vinabeba Maana ao Vinapamba Tu?

Kila mara tunapokusanya maandiko ya kijitabu chetu, mabishano ni yale yale: hili ni shairi ao si shairi? Mmoja anahesabu mizani kwa vidole, mwingine anatafuta vina, wa tatu anasema tuache hesabu, tusikilize maneno. Miaka fulani iliyopita tulirudisha kazi ya kijana mmoja juu haikuwa na vina. Yalikuwa maombolezo ya kaka yake. Tulimwandikia ajifunze kanuni kwanza. Jambo hilo halijatutoka moyoni, na ndilo linatufanya tuandike kurasa hizi.

Tuanzie pwani, kwani huko ndiko kanuni zenyewe zilikotengenezwa. Kiswahili kilitufikia sisi wa mashariki ya Kongo na misafara ya karne ya 19, kwa njia ya Ujiji, Nyangwe na Kasongo. Lugha ya soko na ya safari ilishika mizizi haraka. Mashairi ya pwani, wengi wetu tulikutana nayo baadaye sana, katika vitabu vilivyovuka ziwa.

Katika utenzi, ubeti una vipande vine vya mizani 8. Vitatu vya kwanza vinaishia kwa kina kimoja. Cha nne kinabeba kina ambacho hakibadiliki toka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimwachia binti yake wosia kwa umbo hilo, beti zaidi ya 100. Tufikiri kidogo. Mama anajua hatakuwapo. Anachagua umbo ambalo sauti moja inarudi mwisho wa kila ubeti, sawa mkono unaogusa bega la mtoto: unasikia? unasikia? Wosia huo ungeandikwa kama barua, mashauri yangekuwa yale yale, lakini mama angetoweka. Umbo hilo hilo lilitumiwa kwa vita pia, kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 kule Pate. Utenzi unapenda kwenda mbele. Hauko mahali pazuri pa mtu mwenye mashaka.

Shairi la mishororo mine ni kitu kingine. Kila mshororo una mizani 16, nusu 8 na nusu 8, na kina kinalia mara mbili: katikati na mwisho. Mtu aliyelipa nguvu ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, na aliyetunga wakati Wamazrui wa mji huo walikuwa wanashindana na Seyyid Said. Kwake shairi liliingia katika siasa ya mji, na katika malumbano. Anayejibu analazimika kufuata mizani ya mwenzake, na mara nyingi vina vyake pia. Ni sawa baraza ya wazee wetu: unaweza kumpiga mtu kwa neno, lakini unangoja amalize, na unasimama pale pale aliposimama yeye. Kwa kukubali umbo, mmekwisha kukubaliana jambo moja kabla ya kugombana.

Abdilatif Abdalla alielewa hayo vizuri. Alifungwa Kenya toka 1969 mpaka 1972 juu ya karatasi iliyouliza nchi inakwenda wapi, na mashairi aliyoandika gerezani, mengine kwa karatasi za chooni, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ndani yake mna watu wawili wanaogombea mnazi, kila mmoja akisema kwa zamu. Mizani haimpendelei yeyote. Msomaji hawezi kumpuuza mmoja kwa sababu anasema vibaya kuliko mwingine; analazimika kupima haki yenyewe. Tukiondoa umbo, tunabaki na ugomvi tu.

Kanuni hizi zilikusanywa mwaka 1954 na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu, katika kitabu Sheria za Kutunga Mashairi. Wengine wanakicheka leo kwa ukali wake. Sisi tunaona kwamba kuandika hivyo chini ya ukoloni kulikuwa pia kusema: lugha hii iko na sheria zake, na hakuna aliyetuletea kutoka Ulaya. Kumbe miaka 20 tu baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mtu wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa Kichomi, mashairi bila vina wala hesabu ya mizani, na kelele zikawa nyingi. Waliomkasirikia walisema ameharibu. Lakini kwake mstari unakatika pale wazo linapokatika, na ukimya unaobaki unasema kitu. Mtu aliyepotea njia, akisema kwa vina vilivyopangwa vizuri, utamwamini?

Ili tusibaki hewani, tumetunga ubeti mmoja sisi wenyewe, juu ya mama anayengoja bandarini:

Mama kakaa bandari, jua linazama ziwa,
Kaulizia habari, jibu bado hajapewa,
Ya mwanawe msafiri, siku nyingi angojewa,
Mama keti ukijuwa, ziwa halina kauli.

Si ubeti wa ajabu, lakini tuutazame. Mara tatu sikio limezoea: -ri katikati, -wa mwisho. Katika mshororo wa nne, -wa inahamia katikati, na mwisho inakuja -li ambayo haikusikika popote. Mlango umefungwa. Hatukusema kwamba mtoto amekufa, kina kimesema. Na kama mshororo huo ungerudiwa katika beti tano kama kibwagizo, mara ya kwanza ungekuwa shauri, mara ya tano hukumu, bila kubadilisha hata neno. (Wasiwasi wa matamshi yetu tuuweke pembeni: m-sa-fi-ri ni mizani nne, na musafiri wa midomo yetu ni nne vile vile.)

Sasa tumpe mama huyo huyo mtu wa kasala, zile sifa na maombolezo ya Waluba ambazo Clémentine Faïk-Nzuji alizitolea kitabu mwaka 1974. Hatatafuta kina hata kimoja. Ataanza kwa majina: mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, jina la ukoo, jina la sifa, jina la mto wa kwao, moja juu ya lingine, mpaka waliokaa chini wasimame na kulia. Kinachorudi hapo si sauti ya mwisho wa mstari, ni namna ya kuita. Kasala haifungi mlango. Inaita, na inaendelea kuita, kwa sababu kwayo aliyekufa bado eko na watu wake, na walio hai wanakumbushwa ni watoto wa nani. Tukiiingiza kwa nguvu katika mizani 16, majina yatakatwa ili yatoshe. Na jina lililokatwa katika kilio si jina tena.

Hapo ndipo tulipokosea na yule kijana. Karatasi zake bado tunazo nakala, na wakati wa kuandaa maandiko haya tulizisoma tena, safari hii kwa sauti. Mistari yake ilikuwa mirefu na mifupi bila mpango, tulivyodhani. Kumbe ile mirefu yote ni majina: kaka yake, baba yao, babu, kijiji, hata jina la mashua. Ile mifupi ni swali moja linalorudi: umelala wapi? Tulikuwa tumehesabu mizani kwa vidole, tukapata 11, kisha 23, kisha 5, tukaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba haina umbo. Kalamu hiyo bado inaonekana. Hakutuletea kitu tena.