Kutoka Liwa Hadi Mkorogo: Historia ya Dawa Tunazojipaka



Msimu wa harusi ukikaribia, maharusi hutuuliza maswali mawili: gauni litakuwa tayari lini, na wapake nini uso utakate kwa haraka. La gauni tunalo jibu. La uso limetufanya turudi nyuma tuitazame historia, maana krimu nyingi zinazouzwa leo kama urembo, hapa Mwanakwerekwe, Darajani na kwengineko, hazikuanza kuwa urembo. Zilianza kuwa dawa. Nyengine ni dawa nzuri hadi leo, zikitumika kwa maradhi yake, kwa kipimo chake na kwa muda wake. Anayeijua historia hiyo hadanganyiki kwa urahisi.

Zama za liwa na singo

Bibi zetu walikuwa na liwa, mti wenye harufu nzuri ulioletwa na majahazi kutoka Bukini. Ulisagwa juu ya jiwe kwa maji au kwa marashi, kisha ukapakwa usoni na mwilini. Liwa ilikuwa pambo na dawa kwa pamoja, kwani ilipoza harara, vile vipele vya joto tunavyovijua sote. Wenzetu wa Ngazija wana msindzano wao wa namna hiyo, na wanaupaka hadi leo.

Kisha ikaja singo: mawaridi, asumini, mlangilangi, liwa, karafuu, kila nyumba na mchanganyiko wake. Mwari akiwekwa ndani, somo wake alimsinga. Singo huondoa ngozi iliyokufa, hulainisha na hutia harufu. Kubadilisha rangi haikuwa kazi yake. Mwari mweusi alitoka ndani mweusi, anang'aa. Kama alitakata kidogo, ni kwa sababu ya kukaa kivulini siku zile zote.

Hatusemi kwamba kila cha asili ni salama. Ndimu ikipakwa usoni kisha mtu akatoka juani huweza kumuunguza na kumwachia madoa. Lakini mambo mawili yalimlinda mwari wa zamani: vilivyosagwa alivijua, na aliyempaka alimjua. Mambo hayo mawili ndiyo tuliyoyapoteza pale kikopo kilipochukua nafasi ya jiwe la kusagia.

Zebaki: marhamu iliyogeuka sumu

Zebaki ni dawa ya kale. Karne nyingi zilizopita matabibu wa Kiarabu waliichanganya na mafuta kutibu upele, na Wazungu wakaiga. Hadi karne iliyopita marhamu za zebaki zilikuwa zikitumika kwa mapunye na vidonda vya ngozi. Waliozitumia waligundua jambo jengine: zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Wafanyabiashara hawakuchelewa. Marhamu ikawa krimu ya weupe, na sabuni zikafuata.

Gharama yake ilionekana karibu na kwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la tiba la Uingereza kuhusu wagonjwa 60 waliokuwa na maradhi ya figo, wale wanaovimba mwili kwa sababu figo zinapoteza protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kujichubua zenye zebaki. Krimu ilipakwa usoni, figo ndizo zilizolipa.

Mwaka 1976 nchi za Ulaya zilizoungana ziliikataza zebaki katika vipodozi vya watu wao, isipokuwa kwa kiasi kidogo sana katika vile vya machoni. Lakini sabuni zenye zebaki ziliendelea kutengenezwa kule na kuletwa Afrika, na ni mwaka 2003 tu ndipo sheria yao ilipozuia zisisafirishwe nje. Katikati hapo, mwaka 2001, daktari wa Kijapani Masazumi Harada na wenzake walieleza hali ya watu wa Kisumu waliotumia sabuni hizo. Nywele zao zilikuwa na zebaki nyingi, na wengine walikuwa na mitetemeko na kizunguzungu. Harada hakuwa mgeni wa sumu hiyo. Alitumia maisha yake kuwatibu na kuwatetea watu wa Minamata, mji wa Japani ambao watu wake waliathirika kwa samaki waliokula zebaki ya kiwanda.

Jina la mji huo ndilo lililopewa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013. Mkataba huo ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni visitengenezwe wala kuuzwa baina ya nchi baada ya mwaka 2020. Mwaka 2023, Geneva, wanachama walikubaliana kuwa ifikapo 2025 visibaki kabisa, hata vyenye chembe tu.

Tujue pia kwamba zebaki haibaki kwa aliyejipaka peke yake. Hupita kwenye taulo, mto na mikono hadi kwa watoto wa nyumbani, na humfikia mtoto aliye tumboni.

Steroidi: dawa njema, matumizi mabaya

Dawa za steroidi zilibadilisha kweli maisha ya wagonjwa wa ngozi. Mwaka 1950 wanasayansi watatu, Kendall, Hench na Reichstein, walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni hizi. Mwaka 1952 madaktari Sulzberger na Witten wa New York walionesha kwamba haidrokotisoni ikipakwa juu ya ngozi hutuliza pumu ya ngozi. Aliyewahi kulala na mtoto anayejikuna hadi damu anajua neema hiyo ni kubwa kiasi gani.

Baadaye zikaja zenye nguvu zaidi, kama betamethasoni na klobetasoli. Hizi zikipakwa muda mrefu hukonda ngozi, huleta michirizi, chunusi na vinywele usoni, na hupausha rangi. Madaktari waliuhesabu mpauko huo kuwa dhara. Sokoni ukageuzwa kuwa ndiyo faida, na dawa ikaanza kununuliwa kwa ajili ya dhara lake.

Kuna jengine. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, walieleza namna fangasi za ngozi zinavyojificha zikipakwa steroidi. Mwasho hupungua, mgonjwa akafurahi, kumbe fangasi zinaenea chini kwa chini na sura yake inabadilika hata daktari azitambue kwa tabu. Ndiyo maana pumu ya ngozi ya dada mmoja hutulia kwa tyubu ya kuazima, na mapunye ya mwengine yakazidi kwa tyubu ile ile.

Mkorogo ulikotoka

Mwaka 1939 kuliripotiwa kisa cha ajabu Marekani. Wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi waliovaa glavu za mpira walitokwa na mabaka meupe mikononi. Sababu ilikuwa kemikali iliyotiwa kwenye mpira, ya ukoo mmoja na haidrokwinoni. Kutoka hapo wataalamu wakaanza kuzitazama kemikali hizi kama dawa ya madoa.

Mwaka 1975 Kligman na Willis, nao wa Marekani, walichapisha mchanganyiko wa vitu vitatu: haidrokwinoni, tretinoini na steroidi. Walikusudia kutibu madoa ya uso, yale yanayowapata wengi wetu wakati wa mimba. Ukitazama vizuri utaona kwamba huo ulikuwa mkorogo. Tofauti ni kwamba ulipimwa, ulipakwa penye ugonjwa, na daktari alikuwepo kusema basi. Mkorogo wa beseni hauna kipimo, hupakwa mwili mzima, na hakuna wa kusema basi.

Mwaka huo huo wa 1975, Afrika Kusini, daktari Findlay na wenzake walieleza ngozi za wanawake waliotumia krimu kali za haidrokwinoni kwa miaka. Zilikuwa zimegeuka nyeusi ya kibuluu, na zimekuwa ngumu zenye vijipunje. Waliotafuta weupe walipata weusi usiofutika. Serikali ya huko ilipunguza kiwango hadi asilimia 2 mwaka 1983, na mwaka 1990 ikapitisha katazo la haidrokwinoni katika vipodozi.

Na kwetu? Bara walitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na Zanzibar tukawa na sheria yetu nambari 2 ya mwaka 2006, ambayo leo inasimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Bidhaa zikikamatwa huteketezwa. Lakini sheria haiingii chumbani mwa mwari. Sisi tunaoshona nguo za harusi ndio wa mwanzo kuona siku ya kupima: uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi, michirizi mabegani na kwapani, na ombi la mikono mirefu ambalo halihusiani na stara.

Piko

Hina ya majani ni nyekundu. Haijawahi kuwa nyeusi. Weusi wa piko ni wa rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo Ulaya hairuhusiwi kupakwa moja kwa moja juu ya ngozi. Sudani, ambako nako PPD ilichanganywa na hina, madaktari waliandika katika jarida la Lancet mwaka 1983 kuhusu sumu yake ilipoingia mwilini: uso na shingo kuvimba, na figo kufeli. Kwenye ngozi tu, inaweza kuleta malengelenge kwa kufuata maua yale yale yaliyochorwa. Na aliyeathirika mara moja, mwili wake hausahau. Akipaka rangi ya nywele miaka kumi baadaye huweza kuvimba tena. Bibi harusi, nyekundu inakutosha, na ndiyo ya asili yetu.

Basi tujitibu vipi?

Kwanza tujue maradhi kabla ya kununua dawa. Mapunye na fangasi za ngozi hutaka dawa ya fangasi kama klotrimazoli, na iendelee kupakwa kwa muda ulioelekezwa hata kama mwasho umekwisha. Upele wa kuambukiza hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja, na nguo na mashuka yafuliwe. Pumu ya ngozi hutaka mafuta ya kulainisha kila siku, na steroidi kidogo, kwa siku chache, kama alivyoeleza daktari. Harara hutaka ubaridi na nguo nyepesi za pamba. Chunusi hazitaki steroidi hata kidogo.

Pili, tununue kwenye duka la dawa lenye leseni, tusome boksi, na tukatae kikopo kisicho na jina la vilivyomo. Zebaki hujificha hata nyuma ya jina la kalomeli.

Tatu, aliye mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla ya kupewa dawa. Tretinoini na haidrokwinoni si zake.

Nne, aliyepaka steroidi kali kwa miezi asiache ghafla peke yake. Aende kwa daktari amwelekeze namna ya kuipunguza, kwani ngozi huweza kulipuka, na mwili uliozoea huweza kuishiwa nguvu. Mnazi Mmoja kunatibiwa, na Tanzania ina kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi pale KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992. Hakuna haja ya kuona haya. Daktari ameshaona mengi.

Na dini yetu haikutuacha. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kwamba kila maradhi yana dawa yake, na ametukataza kujidhuru na kudhuru wenzetu. Kutibu chunusi ni kutafuta dawa. Kujipaka zebaki ili mpiga picha afurahi si tiba. Na mwenye malengelenge asiyeweza kutia maji asiache sala. Amuulize sheikhe wake, maana sheria imempa mgonjwa wepesi.

Somo wa leo ni mama, shangazi, dada na shoga anayeshika simu kumtafutia mwari krimu. Kabla hujampaka mwari wako, kijue kilichomo, na umjue aliyekichanganya. Usipovijua viwili hivyo, rudisha kikopo dukani, usage liwa.