Viumbe Wadogo wa Ziwa Toolik

Ziwa hili la kaskazini mwa Alaska, Marekani, lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1.5, na hufunikwa na barafu karibu miezi tisa kila mwaka. Wanasayansi wamelichunguza tangu 1975. Humo wanaishi zooplanktoni, wanyama wadogo wanaoelea majini, wakiwemo kopepodi na viroboto-maji.

MAJIRA YA BARIDI
Theluji huzuia mwanga, mwani haukui na chakula huadimika. Kopepodi huendelea kuishi chini ya barafu. Viroboto-maji wengi husalia kama mayai yaliyolala topeni.

KIANGAZI
Barafu huyeyuka mwezi Juni, wakati jua halizami usiku na mchana. Mwani hustawi, mayai huanguliwa. Kiroboto-maji jike huzaa majike wenzake bila kuhitaji dume. Kopepodi mkubwa aitwaye Heterocope huwawinda walio wadogo kuliko yeye.

VULI
Baridi ikirejea, viroboto-maji hutaga mayai ya akiba ndani ya vifuko vigumu vyeusi vinavyostahimili kuganda.

Wengi wa viumbe hawa hula mwani, nao huliwa na samaki. Wakitoweka, samaki wachanga watakosa chakula.