Ndoo ya Bibi na Wanasarufi wa Bara Hindi

Nilipokuwa darasa la sita tuliambiwa tuandike insha kuhusu mtu tunayempenda. Niliandika kuhusu bibi yangu aliyenilea Mombasa, na kwa kuwa nilitaka asikike kama yeye mwenyewe, nilimwandika vile alivyosema: "Ndoo, mwanangu, tuketi hapa ndiani tupunge upepo." Mwalimu aliisomea darasa zima. Alipofika kwenye neno lile la kwanza akasimama, akauliza ndoo hiyo ilikuwa ya plastiki au ya bati. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao nisionekane mjinga. Daftari lilirudi na wino mwekundu: si ndoo, ni njoo, si ndiani, ni njiani.

Kicheko kile nilikisahau upesi. Nisichosahau ni kwamba nilirudi nyumbani na kalamu nyekundu ya kwangu. Bibi akisema mtele, nikamsahihisha: mchele. Akisema mato, nikasema macho. Mwanzoni alicheka, yeye mwenyewe angesema aliteka. Baadaye, kila nilipokuja na wenzangu wa shule, akawa mtu wa maneno machache. Akiulizwa jambo hujibu, "Muulizeni huyu, ndiye ajuaye kusema."

Miaka mingi ilipita. Nikiwa chuo kikuu nasoma isimu, nikitafuta mada ya insha ya muhula, nilikutana na wanasarufi wa kale wa Bara Hindi. Sikuwa namtafuta bibi huko. Lakini ndiko nilikompata.

Habari yao huanza na Panini, mtu wa Shalatura, sehemu ambayo leo iko kaskazini magharibi mwa Pakistani, karibu na mahali mto Kabul unapoingia katika mto Indus. Wataalamu wengi humweka katika karne ya 5 au ya 4 KK. Alieleza Kisanskriti kizima kwa kanuni fupi zipatazo 4,000, fupi kiasi kwamba mwanafunzi aliweza kuzihifadhi zote kichwani. Ufupi huo ulitokana na mbinu kadhaa, mojawapo ikiwa hii: toa kanuni ya jumla kwanza, kisha kanuni ya mahali maalumu ambayo, pale inapohusika, huishinda ile ya jumla. Baada yake akaja Katyayana, aliyezipima kanuni hizo na kuziongezea maelezo, kisha Patanjali, mnamo karne ya 2 KK, aliyeandika ufafanuzi mkubwa kwa mtindo wa mazungumzo. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anatia shaka. Ukiusoma unajihisi umekaa barazani.

Patanjali anauliza swali ambalo hata sasa mwanafunzi wa isimu hulikuta wiki ya kwanza: tunajuaje kwamba kipande hiki cha neno ndicho chenye maana hii? Jibu lake ni mbinu iitwayo anvaya na vyatireka, kuwepo pamoja na kukosekana pamoja. Anachukua neno la Kisanskriti lenye maana ya mti mmoja, vrikshas, na lile la miti miwili, vrikshau. Ukisikia la kwanza, unasikia sauti fulani na kuelewa maana fulani: kitu chenye mizizi, shina na majani, tena kimoja. Ukisikia la pili, kuna sauti iliyoondoka, kuna iliyokuja, kuna iliyobaki. Kwenye maana vilevile: umoja umeondoka, uwili umekuja, na mizizi, shina na majani vimebaki. Basi sauti iliyoondoka ndiyo iliyobeba maana iliyoondoka, na iliyobaki ndiyo yenye maana iliyobaki.

Niliweka kitabu chini nikaandika pembeni: mti, miti. M- imeondoka, mi- imekuja, -ti imebaki. Umoja umeondoka, wingi umekuja, mizizi imebaki pale pale. Mbinu ya zaidi ya miaka 2,000 ilifanya kazi juu ya lugha ambayo mwenyewe hakuwahi kuisikia.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hawakuishia hapo. Waliijaribu mbinu yao mahali inapoelekea kuvunjika. Kuna maneno matatu, kupa, supa na yupa: kisima, mchuzi, na nguzo ya kufungia mnyama wa kafara. Yanatofautiana kwa sauti ya kwanza tu. Ukiitoa k ukaweka s, kisima kinaondoka na mchuzi unakuja. Je, k ndiyo yenye maana ya kisima? Ikiwa ni hivyo, -upa iliyobaki ibebe maana inayobaki katika yote matatu, na kisima, mchuzi na nguzo havina maana ya pamoja hata kidogo. Kwa hiyo sauti moja moja hapa hazina maana. Maana ni ya neno zima. Kwetu ni sawa na kaka, paka na taka. Hakuna kitu kiitwacho -aka ambacho ndugu yako, mnyama wa jikoni na uchafu wanashirikiana. Haitoshi sauti kubadilika pamoja na maana. Lazima pia kinachobaki kilingane na kinachobaki.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo ningelifanya darasa la sita. Nilichora safu mbili. Upande mmoja maneno ya shule: macho, mchanga, mchele, kucheka, kuchukua. Upande wa pili maneno ya bibi: mato, mtanga, mtele, kuteka, kutukua. Kila neno, ch inaondoka, t inakuja, na kila kingine, maana ikiwemo, kinabaki. Kisha njia na ndia, njaa na ndaa, njoo na ndoo: nj inaondoka, nd inakuja. Mtu anayekosea hukosea ovyo, leo hivi kesho vile. Bibi hakuwa na ovyo.

Halafu nikakumbuka kwamba hakuwahi kusema takula wala tumba. Alisema chakula, chumba, chombo, kama mimi. Hapo ndipo Panini alipoingia na kanuni yake ya mahali maalumu. Maneno hayo kwa wingi ni vyakula, vyumba, vyombo. Ch yake ni ki- iliyokutana na irabu, kwa hiyo si ch ile ya macho. Kanuni ya jumla inasimama, ya mahali maalumu inaishinda pale inapohusika. Bibi, ambaye hakupata kukaa kwenye dawati, alizijua asili mbili za sauti ambayo mimi niliijua kama herufi mbili tu.

Ningependa kusema kwamba Patanjali angempasulia mwalimu wangu ukweli. Mambo si mepesi hivyo. Patanjali mwenyewe alitenga maneno safi na maneno yaliyoharibika. Neno safi la ng'ombe, anasema, ni moja, na yaliyoharibika ni mengi. Kwa hiyo ni kazi fupi kufundisha yaliyo safi. Alikubali kwamba hata neno lililoharibika linafikisha maana, ila thawabu ilikuwa kwa anayetumia lililo safi. Na kipimo cha usafi kilikuwa namna ya kusema ya watu fulani, wa nchi fulani: wasomi wa Kibrahmani wasio na tamaa, wenye akiba ya nafaka isiyozidi mtungi mmoja. Watu wengi waliosema kila siku sokoni na mashambani hawakuwemo katika hesabu hiyo. Kalamu nyekundu ina historia ndefu.

Lakini Patanjali huyohuyo ana sehemu mbili ambazo nimezisoma mara nyingi. Katika moja anasema kwamba anayetaka mtungi huenda kwa mfinyanzi akaagiza afinyangiwe, lakini hakuna anayekwenda nyumbani kwa mwanasarufi kuagiza maneno. Watu wana maneno tayari, mwanasarufi anayakuta. Katika nyingine, mtu anadai kwamba maneno fulani hayatumiki, na anajibiwa kwamba uwanja wa maneno ni mpana mno. Neno ambalo kwa Waarya linahusu maiti, kwa Wakamboja ni kitenzi cha kwenda. Watu wa mashariki wana kitenzi cha kukata, wa kaskazini wana jina la mundu litokanalo nacho. Kabla hujasema neno halipo, umekwenda kutafuta wapi?

Mwalimu wangu hakuwa amekwenda kutafuta hata mtaa wa pili.

Kuhusu ndoo yenyewe, jibu nililipata mbele zaidi, kwa Bhartrihari wa karne ya 5 BK. Yeye aliona kwamba sentensi ndiyo inayoeleweka kwanza, nzima, na maneno tunayachomoa baadaye kwa ajili ya uchambuzi. Pia aliorodhesha vitu vinavyoamua maana ya neno lenye maana zaidi ya moja: maneno ya jirani, mazingira, kusudi, mahali, wakati. Mfano mashuhuri katika mapokeo hayo ni neno saindhava, ambalo ni chumvi na pia ni farasi. Mtu aliyekaa kwenye chakula akisema aletewe saindhava, mpe chumvi. Aliyevaa nguo za safari, mletee farasi. Na bibi kizee aliyekaa barazani, anayemwita mjukuu wake aje kupunga upepo, hajasema habari za chombo cha maji. Darasa zima lilijua hivyo. Ndiyo maana tulicheka.

Hoja iliyonigusa kuliko zote, hata hivyo, haikutoka kwa wanasarufi. Ilitoka kwa wafuasi wa Mimamsa, wanazuoni ambao kazi yao ilikuwa kufasiri amri za Veda, vitabu vyao vitakatifu. Kwao neno lilikuwa jambo zito: ukikosea maana, ibada nzima imepotea. Walishikilia kwamba uhusiano wa neno na maana haukutungwa na mtu yeyote. Ungewatarajia wawe walinzi wakali wa mlango.

Shabara, mfafanuzi wao mkubwa wa kwanza ambaye kazi yake imetufikia, anakutana na maneno machache kama pika, ambayo Waarya hawayatumii, lakini yanajulikana kwa watu walioitwa mlechha, jina la dharau kwa wageni wasiosema Kisanskriti. Kwa hao, pika ni ndege, kekeo. Tufanye nini? Njia ya kwanza ni kukaa chini na kulichambua neno kwa mizizi ya Kisanskriti hadi tupate maana inayofaa. Njia ya pili ni kumuuliza mlechha. Shabara anachagua ya pili. Uchambuzi wa mizizi hauna mwisho. Kila mwerevu atatoka na maana yake. Anayepinga anasema mamlaka ni ya desturi za waungwana. Anajibiwa kwamba hilo ni kwa mambo yasiyoonekana kwa macho. Kuhusu ndege, mlechha wana ujuzi zaidi, kwani wao ndio wanaowakamata na kuwafuga.

Niliisoma aya hiyo mara tatu. Mtu mwenye kila sababu ya kudharau, na dharau imo katika jina lenyewe analolitumia, alilazimishwa na hoja yake akubali: nenda ukamuulize anayejua.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika makoloni ya Afrika Mashariki. Siulaumu uamuzi huo hapa. Naandika kwa sanifu, na bila hiyo msomaji wa Dodoma au Bujumbura pengine asingenifuata vizuri. Lakini uamuzi wa kuchagua ni jambo moja, na kusema kwamba kisichochaguliwa ni kosa ni jambo lingine. La pili halitokani na la kwanza. Mwalimu wangu aliruka hatua hiyo, nami nikairuka nyuma yake, kisha nikaenda kumrukisha bibi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sikuwahi kumwambia. Alifariki nikiwa bado sekondari, kabla sijajua kuna watu walioitwa Panini na Patanjali. Sasa nina daftari lenye safu mbili, na kila ninapokwenda Mombasa nalichukua hadi kwa dada yake mdogo, ambaye yu hai na anasema kama yeye. Mara ya mwisho nilifika na kalamu mkononi, nikaanza kueleza mlangoni kilichonileta. Alinitazama, akaangalia daftari, akasema, "Ndoo ule kwanda."

Kwanda. Hilo sikuwa nalo. Nikavua viatu, nikaingia, na kabla sijanawa mikono nikaliandika.